Huyu Haokoki

Mama yangu alikuwa na sentensi moja kuhusu kaka yake: "Huyu haokoki." Aliisema jikoni akimenya ndizi, aliisema njiani tukitoka kanisani, na aliisema hata ile siku Mjomba alipotokea nyumbani hajagusa pombe, shati jeupe limenyooshwa, kuku kwapani. Mjomba hakukasirika. "Dada, wewe niombee tu," alijibu, na jioni yake ungemkuta kilabuni, mrija wa pombe ya kimpumu mdomoni, akiwasimulia wenzake habari za Nuhu na shamba lake la mizabibu. Maandiko aliyajua kuliko wengi waliokuwa wakimhubiria.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, na sentensi hiyo nimeitumia darasani mara nyingi bila kuwaambia wanafunzi ilikotoka. Kiambishi -k- kina kazi mbili. Huonyesha hali: kikombe kimevunjika, kamba imekatika. Huonyesha pia uwezekano: barabara inapitika, mwandiko wa daktari hausomeki. "Haokoki" inazibeba zote mbili kwa mkupuo. Hayumo katika hali ya wokovu, na kuingia humo hawezi. Mama hakusoma theolojia hata siku moja, lakini alikuwa ametia katika neno moja ugomvi ambao Wakristo wameubeba tangu siku za Augustino na mpinzani wake Pelagio, miaka 1,600 iliyopita: mtu huokoka kwa kutaka kwake, au kuna anayemtaka kwanza? Na yule asiyeokoka, imekuwaje?

Sisi ni Wamoravian wa Rungwe. Wamisionari wetu walifika huku mwaka 1891, babu zetu wakabatizwa wakaandikwa kitabuni, nasi tukabatizwa tungali wachanga. Mjomba naye aliandikwa humo humo. Lakini jina kitabuni halikutosha tena baada ya uamsho ule wa Rwanda na Uganda, ambao kuanzia miaka ya 1930 ulisambaa Afrika Mashariki na kuacha nyuma yake watu walioitwa Walokole na swali moja lisilokwepeka: "Umeokoka?" Wapentekoste wakalipokea, wakalipigia vipaza sauti. Leo hata Mlutheri wa kuzaliwa huulizwa, na anayeulizwa hutarajiwa kuwa na tarehe. Mdogo wangu anayo. Alikuwa kidato cha tatu, uwanjani, mvua ya Tukuyu ikinyesha kama inavyojua yenyewe, akapita mbele. Mimi sina tarehe. Nikiulizwa husema nimekulia ndani, jibu ambalo sijamwona mtu likimridhisha.

Kuna jambo limenishangaza kwa muda mrefu kuhusu mahubiri yetu. Msibani, mhubiri husimama mbele ya jeneza akasema kazi ya Mungu haina makosa. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Hakuna anayesema marehemu alijiamulia. Jumapili inayofuata, mhubiri yule yule, kwa sauti ile ile, huwaambia watu Mungu amemaliza sehemu yake, amebaki mlangoni anabisha, uamuzi ni wako na hakuna atakayekufanyia. Yaani kwenye kifo Mungu ni mfalme asiyeulizwa, na kwenye uzima wa milele ni mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nadhani wengi wetu tunaishi na theolojia mbili, moja ya makaburini na moja ya madhabahuni, na hatujawahi kuzikutanisha.

Mdogo wangu alizikutanisha. Alipokwenda kusoma Dar es Salaam akaangukia kwenye kundi la vijana wanaomsoma Calvin, mwanatheolojia wa karne ya kumi na sita, na likizo ya kwanza alirudi na mambo matano: upotovu kamili wa mwanadamu, uteuzi usio na masharti, upatanisho uliowekewa mipaka, neema isiyopingika na udumifu wa watakatifu. Alitueleza kwamba kwa Kiingereza herufi za mwanzo zinatoa jina la ua, tulip. Kwa Kiswahili hazitoi ua wala mboga, nikamwambia, akanuna siku mbili.

Mambo hayo matano yana historia ambayo vijana wake hawakumpa. Jacobus Arminius, mwalimu wa theolojia pale Leiden, Uholanzi, alifariki mwaka 1609. Mwaka uliofuata wafuasi wake waliandika hoja tano wakisema, kwa kifupi, kwamba Mungu huwachagua wale aliowajua tangu mwanzo kuwa wataamini, na kwamba neema yake mtu anaweza kuikataa. Mkutano wa kanisa ulioitishwa Dordrecht kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619 ukazijibu hoja hizo moja moja. Kwa hiyo yale matano ya mdogo wangu ni majibu. Hayakuanza kama muhtasari wa Ukristo. Na hayakuwa ya kanisani tu. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali aliyewakingia kifua Waarminio, alikatwa kichwa The Hague tarehe 13 Mei 1619, mkutano ukiwa ndio unamalizika. Siasa na vita na Hispania vilikuwa vimeingia humo hadi kiunoni.

Mwenzake Oldenbarnevelt, mwanasheria Hugo de Groot, alifungwa maisha katika ngome ya Loevestein. Huyu nampenda. Aliruhusiwa vitabu, na vitabu vilikuja na kuondoka ndani ya sanduku kubwa ambalo walinzi, baada ya muda, walichoka kulikagua. Mkewe, Maria, aliona. Tarehe 22 Machi 1621 alimfungia mumewe ndani ya sanduku, akabaki kitandani pa mfungwa kana kwamba mgonjwa ndiye aliyelala pale, na wanajeshi wa ngome wenyewe wakalibeba sanduku hadi mtoni. Inasimuliwa kwamba mmoja alilalamikia uzito akauliza kama humo mna Mwarminio. Kijakazi wao, Elsje van Houwening, akalisindikiza kwa mashua hadi mji wa Gorinchem, na kutoka hapo bwana mkubwa akatoroka akiwa amevaa kama fundi mwashi, hadi Paris.

Je, Hugo de Groot aliokoka au aliokolewa? Niliwauliza hivyo mdogo wangu na mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu, Mpentekoste, anayefundisha Hisabati. Mdogo wangu alifurahi kama aliyeokota pochi. "Unaona? Mtetezi wa hiari ametoka gerezani akiwa mzigo!" Mwalimu wa Hisabati alitulia kidogo, kama anavyotulia kabla ya kufuta ubao. "Lakini sandukuni aliingia mwenyewe," akasema.

Hapo ndipo ugomvi huu ulipo, na naona afadhali uanzie kwenye sarufi kabla haujafika kwenye matusi. "Nimeokoka" ni kauli ya kutendeka. Ubaya wake, au uzuri wake, ni kwamba haina nafasi ya mtenda. Unaweza kusema kikombe kimevunjwa na mtoto. Huwezi kusema kimevunjika na mtoto. Kila mtoto wa Kiswahili anaijua kauli hii kabla ya kujua kusoma. Anakivunja kikombe, anakuja na uso wa huruma: "Mama, kikombe kimevunjika." Sarufi imemfichia kosa. Nasi tukisimama kutoa ushuhuda, "Bwana asifiwe, nimeokoka," sarufi ile ile inamficha aliyetenda wema. Haikani kwamba yupo. Imemwacha nje tu. Na nafasi ikiachwa wazi hujaa. Sikiliza shuhuda zinavyoendelea: "niliamua kuokoka". Nani amewahi kuona kikombe kikiamua kuvunjika?

Paulo kwa Waefeso hasemi hivyo. Tafsiri yetu ya mwaka 1952 imemfuata Mgiriki vizuri: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Mmeokolewa. Kauli ya kutendwa, na mtenda anajulikana. Ukianza kuitafuta kauli hii katika mambo ya Mungu utaikuta kila mahali, hata nje ya kanisa. Mtu hujaliwa mtoto. Mtu husamehewa. Mtu huzaliwa, na kwa Nikodemo ilibidi azaliwe mara ya pili. Sijui mtu aliyechangia chochote katika kuzaliwa kwake mara ya kwanza, zaidi ya kulia.

Nikae hapo kwenye Waefeso kidogo, kwa sababu pana kitu ambacho Mswahili hukiona na wasomaji wa lugha nyingine hawakioni kwa namna yetu. "Ambayo hiyo": ipi? Neema na imani kwetu zote ziko ngeli ya I-ZI, kwa hiyo "hiyo" inaweza kushika yoyote, na sikio hukimbilia iliyo karibu, imani. Ukisoma haraka, Paulo amesema imani yenyewe haikutoka kwako, umepewa. Mdogo wangu huusoma mstari huu akigonga meza. Lakini Kigiriki kina jinsi tatu za majina. Neema na imani zote ni za kike, na neno lililotafsiriwa "hiyo" si la kike wala la kiume. Halishiki imani peke yake wala neema peke yake. Wengi wanaojua lugha hiyo huliona likishika jambo zima lililotangulia, huko kuokolewa kwa neema kwa njia ya imani. Watafsiri wangeandika "na jambo hilo halikutokana na nafsi zenu", mdogo wangu angepoteza meza yake ya kugonga. Nilimwambia. Akasema kama jambo zima ni kipawa, basi na imani imo ndani ya jambo zima. Sikuwa na jibu, na bado sina.

Mwalimu wa Hisabati naye hakuwa amelala. Alinifungulia Matendo 16, mlinzi wa gereza la Filipi anatetemeka: "Bwana zangu, yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Hapo watafsiri wale wale wameweka kuokoka. "Na jibu je? Mwamini Bwana Yesu. Kitenzi gani hicho, mwalimu? Si kauli ya kutenda? Tena amri. Mungu angekuwa anaamini kwa niaba yetu, angemwamuru nani?" Kisha akatoa mfano wake, ambao nadhani umepita katika kila mkutano wa injili kuanzia Kyela hadi Tarime. Mtu ametumbukia kisimani. Mungu anamtupia kamba. Kamba ni neema yote, hakuistahili, hakuisuka. Lakini kuishika ni juu yake.

"Maiti haishiki kamba," mdogo wangu akajibu. Waefeso 2 tena, mstari wa kwanza: mlikuwa wafu.

Tukabaki hapo tulipobakia wengi. Mwaka 1524 mwanazuoni Erasmus aliliweka hili kwa upole kuliko sisi. Mtoto mdogo, asiyejua bado kutembea, ameanguka. Baba anamwinua, anamwonyesha tufaha upande wa pili wa chumba. Mtoto analitaka, anataka kukimbia, miguu haiwezi. Baba anamshika mkono, anamwongoza hatua zake, hadi anafika na kupewa tufaha mkononi. Mtoto ana cha kujisifia? Karibu hakuna, anasema Erasmus, lakini alitaka, na baba hakumburuza. Luther alimjibu mwaka uliofuata kwa kitabu kikali, ila akamshukuru kwa jambo moja: kwamba yeye peke yake ndiye aliyeacha habari za Papa na toharani akashika koo la shauri lenyewe. Luther alikataa hata kule kutaka. Kwake, utashi wa mtu ulikuwa mnyama wa kupandwa, na mpandaji ni Mungu au shetani.

Wamoravian wenzangu hupenda kukumbusha kwamba John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, ni mwanafunzi wetu. Alitukuta baharini mwaka 1736, dhoruba ikipiga merikebu, Wajerumani wetu wakiimba zaburi bila kutetereka, na miaka miwili baadaye Oxford ni Mmoravian, Peter Böhler, aliyemwambia ahubiri imani hadi aipate. Wesley akawa mpinzani mkubwa wa uteuzi usio na masharti; alihubiri juu yake Bristol mwaka 1739 kwa maneno makali mpaka akafarakana na rafiki yake George Whitefield. (Walipatana. Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri ibada ya kumbukumbu London, na ule ugomvi hakuufufua.) Mimi kinachonivutia ni usiku wake wa tarehe 24 Mei 1738, saa tatu kasorobo, alipokuwa akisikiliza maneno ya Luther kuhusu Warumi yakisomwa. Aliandika kwamba aliusikia moyo wake ukitiwa joto la ajabu, na kwamba alipewa uhakika kuwa Kristo ameziondoa dhambi zake. Ukitiwa. Alipewa. Mtetezi mkuu wa hiari ya mwanadamu, siku aliyoona ndiyo siku yake, kwa joto lile na uhakika ule hakupata kitenzi cha kutenda.

Basi nimeegemea wapi? Karibu na mdogo wangu, kwa nusu ya kwanza. Siamini kwamba kuna mtu atakayesimama mbele za Mungu akasema tofauti kati yangu na jirani yangu ni kwamba mimi nilikuwa na akili ya kushika kamba. Nusu ya pili, ile hesabu ya walioachwa, siiwezi. Nasoma Warumi 9, atakaye kumrehemu humrehemu, na nanyamaza kama ninavyoamriwa kunyamaza pale, chungu mbele ya mfinyanzi. Halafu nasoma Timotheo, Mungu "hutaka watu wote waokolewe", na nauliza: wote ni wote? Mdogo wangu ana maelezo ya hilo neno "wote". Ni maelezo mazuri, yana mantiki. Nilikuwa nikiyasikiliza huku namfikiria Mjomba, nikaona kwamba mantiki yake imekwisha kumweka mahali.

Mjomba alipigwa na kiharusi mwezi wa Machi, kilabuni, katikati ya hadithi. Upande wa kulia ulikufa wote na sauti ikaondoka nao. Akatoka hospitali akaletwa kwetu, chumba cha nyuma. Dada yake aliyesema haokoki ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza kila baada ya saa kadhaa asipate vidonda, kwa miezi minne. Sikumsikia akiisema tena ile sentensi.

Watu walianza kuja. Na sasa swali la uwanjani lilikuwa na ugumu mpya, maana Warumi 10 inadai kinywa: "ukimkiri Yesu kwa kinywa chako". Mjomba kinywa hakuwa nacho. Alitazama tu, wakati mwingine machozi yakitoka, na daktari alishatuambia machozi ya mgonjwa wa namna hii huweza kutoka bila sababu. Mwalimu wa Hisabati alikuja Jumamosi mbili, akakaa kimya pembeni ya kitanda, akaomba kwa sauti ndogo. Habari ya kamba hakuitaja, nami nikamheshimu kwa hilo. Mdogo wangu alipiga simu kutoka Dar, akaniambia tumwachie Mungu. Nilimuuliza kama hilo ni faraja au ni maelezo. Akasema hajui, na nilisikia sauti yake ikikatika.

Siku tatu kabla ya mwisho alikuja mwinjilisti mmoja, mtu mwema, mwenye haraka. Alipiga magoti upande wa kulia wa kitanda kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi, akaushika mkono wa Mjomba kwa mikono yake miwili. "Mzee, kama unampokea Yesu, nibane mkono." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama alikuwa upande wa pili ameshika bakuli. Mwinjilisti alifumba macho, akasubiri, kisha uso ukamng'aa. "Amenibana! Haleluya, amenibana!"

Mazishini alilisimulia hilo mbele ya umati. Wanawake walipiga vigelegele, mvua ikinyesha juu ya maturubai. Shangazi mmoja alimkumbatia Mama, "Ndaga, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akilia. Nami nilisimama pale nikijua mkono wa kulia wa Mjomba ulikuwa haujabana kitu tangu Machi. Ulikuwa mzito na baridi kidogo, kama kitu kilichosahauliwa nje. Sikumwambia mtu. Sikumwambia hata mdogo wangu, ambaye angepata hoja humo.

Ilipita karibu miezi miwili. Jumapili moja jioni Mama alikuwa uani anachagua maharage, nami nikashindwa kuendelea kuibeba peke yangu. Nikaanza kwa kuzunguka, kama tufanyavyo kwa wakubwa. Mama, yule mwinjilisti siku ile. Mkono ule.

"Najua," akasema. Hakuinua macho. "Si mimi niliyekuwa nikiukata kucha?"

Akapeta, akatoa jiwe, akalitupa. Nikangoja.

"Kubana hakubana," akasema. "Ila alishikwa."

Kisha akanionyesha gunia kwa kidevu, nimwongezee maharage mengine kwenye ungo kabla giza halijaingia.